Vitabu vya babu: Kesi ya Brooklyn iliyowachezesha watu siku saba

Hebu tuseme babu yako ameaga na kuacha maktaba nzima. Si vitabu vya kawaida. Ni vitabu adimu, vingine vimeandikwa kwa mkono, na kuna watu Ulaya wako tayari kutoa doo ya kununua ploti ili wapate kimoja tu. Ufunguo unao. Mamako amekuambia chukua. Ukichukua, umeiba?

Swali hilo lilifikishwa mahakamani Brooklyn, New York, mwaka 1985. Mimi chuo kilinishinda njiani, lakini kesi kama hii ningekaa darasani hadi mwisho.

Babu mwenyewe aliitwa Rabi Yosef Yitzchak Schneersohn, kiongozi wa sita wa Chabad. Hao ni Wayahudi wa Hasidi, wale umewaona kwenye filamu na makoti meusi na kofia. Mafundisho yao yanatoka kwenye Kabbalah, elimu ya siri kuhusu Mungu na roho ya mwanadamu. Zohar, kitabu kikuu cha elimu hiyo, kilijitokeza Uhispania karne ya 13. Tanya, kitabu cha Chabad wenyewe, kiliandikwa na kiongozi wao wa kwanza na kuchapishwa mara ya kwanza mwaka 1796. Kwa watu hawa kitabu si pambo la sebuleni, na kile kilichopita mikononi mwa kiongozi kina uzito mwingine kabisa.

Na huyu mzee vitabu vyake alivihangaikia. Mwaka 1925 alinunua maelfu ya vitabu kwa mpigo kutoka kwa msomi mmoja wa Leningrad. Miaka miwili baadaye serikali ya Kisovieti ikamkamata kwa kueneza dini, akahukumiwa kifo, kisha akaponea na kufukuzwa nchini. Akaenda Latvia, halafu Poland. Wanazi walipoivamia Poland akatoroka, akatua New York Machi 1940. Alifariki 1950, na mkwewe, Menachem Mendel Schneerson, akashika uongozi. Maktaba ikabaki katika nyumba nambari 770, barabara ya Eastern Parkway.

Sasa 1985, rafu zikaanza kuwa na mapengo. Kamera ikawekwa. Nani akaonekana? Mjukuu wa mzee, mtoto wa binti mkubwa. Mamia ya vitabu yalikuwa yashatoka, na vingine vimeuzwa. Kimoja, cha mwaka 1757 chenye picha za kuchorwa, kinachosomwa sikukuu ya Pasaka, kiliuzwa kwa dola 69,000 kwa mfanyabiashara wa Uswisi. Huyo naye akakipiga bei karibu dola 150,000. Broka ni broka.

Usimcheke mjukuu haraka. Hoja yake ilikuwa na miguu: babu alikuwa na mabinti, mamangu ni mmoja wao, mali ya mzazi huwaendea watoto. Mama alimuunga mkono. Lakini mama mdogo, mke wa yule kiongozi mpya, alitoa ushahidi tofauti. Alisema vitabu ni vya wafuasi, kwa sababu babake mwenyewe alikuwa wa wafuasi. Jaribu kuliwaza hilo kidogo. Binti anakana urithi wake mwenyewe, tena mbele ya mawakili.

Kilichobeba kesi, kwa maoni yangu, ni barua ya 1946. Baada ya vita, mzee alimwandikia msomi mmoja wa New York akiomba asaidie vitabu vilivyobaki Poland virudishwe. Ndani yake aliandika kwamba vitabu ni mali ya shirika la Chabad. Upande wa mjukuu ukadai hiyo ilikuwa ujanja wa kuwashawishi maafisa wa Marekani. Swali likawa zito: huyu rabi mtakatifu aliandika uongo, ama alimaanisha alichoandika?

Januari 6, 1987, Jaji Charles Sifton akaamua alimaanisha. Vitabu ni vya jumuiya. Rufaa nayo ikagonga mwamba mwaka huohuo. Nje ya nambari 770 watu walicheza na kuimba siku saba, na hadi leo tarehe hiyo ni sikukuu kwa Chabad. Siku hiyo wananunua vitabu vipya na kupeleka vilivyochakaa vikashonwe.

Lakini kuna vitabu vingine havikurudi. Takriban 12,000 vilichukuliwa na serikali ya Kisovieti, na miswada iliyokuwa Poland iliangukia Wanazi, kisha jeshi la Urusi likaibeba. Mwaka 2010 mahakama ya Marekani iliamuru Urusi ivirudishe vyote. Urusi ikakataa, na makavazi yake yakaacha kuazima Marekani kazi za sanaa kwa hofu zisishikwe. Mwaka 2013 mahakama ikaongeza faini ya dola 50,000 kwa siku. Mwaka huohuo Moscow ikaanza kuvihamishia vitabu kwenye jumba la makumbusho la Kiyahudi mjini humo. Unaweza kwenda kuvisoma. Kuondoka navyo, hapana.