Vidonge vya mifupa: pima kalsiamu, si kopo

Mnunuzi wa Ushongo, wilayani Pangani, anayemtafutia mzazi wake vidonge vya kalsiamu anaweza kukuta dukani makopo mawili yanayofanana, lakini bei mbalimbali. Tofauti iko kwenye lebo.

Kalsiamu kaboneti kwa kawaida ndiyo ya bei nafuu. Asilimia 40 ya uzito wake ni kalsiamu halisi: kidonge chenye miligramu 1,250 hutoa 500. Kalsiamu sitreti ina asilimia 21 tu. Miligramu 1,000 hutoa 210. Kwa hiyo bei ilinganishwe kwa miligramu ya kalsiamu halisi, si kwa kopo.

Hata hivyo, rahisi haimfai kila mtu. Kaboneti huhitaji asidi ya tumbo, hivyo humezwa pamoja na chakula. Mzee anayetumia omeprazoli hufaidika zaidi na sitreti. Kumeza zaidi ya miligramu 500 kwa mkupuo ni hasara, kwani kiasi kikizidi mwili hunyonya sehemu ndogo.

Mshindani wa kopo yuko pwani hapo hapo: dagaa wanaoliwa na mifupa yao. Kikombe cha maziwa nacho hutoa takriban miligramu 300. Wataalamu wa Marekani wanapendekeza miligramu 1,200 kwa siku kwa mwanamke aliyevuka miaka 50, chakula kikiwemo. Kidonge ni cha kuziba pengo tu.

Mwenye mawe ya figo amwone daktari kwanza. Mwenye duka naye asirundike mzigo: tarehe ya mwisho wa matumizi haisubiri wateja.