Vyuma Vilivyotaka Kutugombanisha

Ugomvi wetu mkubwa wa mwaka haukuletwa na nyumba ndogo wala meseji za usiku wa manane. Uliletwa na vyuma. Mwenzangu alianza gofu baada ya bosi wake kumwambia kwamba dili za maana hufungwa uwanjani, siyo ofisini. Sawa. Lakini badala ya kutafuta fimbo za mtu anayejifunza, akanunua seti ya mtumba ya aironi nyembamba kama visu, zile wanazopigia mabingwa. Kila Jumamosi anarudi kanuna, viwiko vinauma, na hasira namalizia mimi.

Siku yake ya kuzaliwa nikajibana, nikamnunulia seti ya aina inayotengenezwa kwa ajili ya wachezaji wa kawaida. Nilitegemea busu. Akaitazama, akasema, "Kwa hiyo umeona siwezi?" Seti ikakaa nyuma ya mlango miezi miwili.

Na wewe msomaji kama una mwenzako wa namna hii, elewa kwanza chuma chenyewe. Kwenye aironi za kizamani uzito umekusanyika nyuma ya pale mpira unapotakiwa kugusa. Ukipatia, raha tupu. Ukikosea kwa upana wa kidole, kichwa kinajipinda, mpira unafia njiani na mtetemo unapanda mpaka kwenye mifupa. Karsten Solheim, mhandisi mzaliwa wa Norway aliyeanzisha kampuni ya Ping huko Marekani, alikuwa kati ya waliolivalia njuga suala hili. Akauhamishia uzito pembezoni na kuacha shimo mgongoni. Mfikirie muuza maji mwenye ndoo mbili kwenye mti begani: si rahisi kumgeuza ghafla. Ndivyo kichwa hicho kinavyogoma kupinda hata ukikosea. Aironi zake za Ping Eye2, zilizotoka mwaka 1982, ziliuzwa sana.

Waliofuata wakaongeza yao. Uzito ukashushwa chini ili mpira upae kirahisi, tako la fimbo likapanuliwa lisichimbe udongo, na uso ukafanywa mwembamba ili udunde. Tatizo ni kwamba uso mwembamba hulia kama kopo. Ndiyo maana aironi nyingine za miaka hii zimeachwa wazi ndani zikajazwa povu laini: sehemu kubwa ya kile mchezaji anachokiita "utamu wa mkononi" kumbe anakisikia masikioni!

Ila usidanganywe dukani. Zamani aironi namba 7 ililala kwa nyuzi kama 34 au 35. Nyingi za leo za aina hii zina 28 hadi 30. Maana yake umeuziwa namba 5 ya zamani iliyoandikwa 7, na umbali mwingine unaojivunia ni wa karatasi tu.

Julai tukaenda kwetu Sumbawanga. (Na hapana, hakuna aliyerogwa, jina lenyewe maana yake ni tupa uchawi.) Mwenzangu akabeba begi lake la fimbo, na mimi kimyakimya nikachomeka namba 7 mpya ndani.

Baba mdogo ametoka kwenye ukoo wa wahunzi. Ufipa iliyeyusha chuma kwenye malungu, matanuru ya udongo marefu kuliko mtu, yaliyovuta hewa yenyewe bila mivukuto. Kilichotoka humo kilisafishwa kwenye tanuru dogo, kintengwe, hilo sasa likipulizwa kwa mivukuto, ndipo mhunzi akafua jembe. Tanuru jipya lilipambwa kama bibi harusi, na wayeyushaji walijitenga na wake zao mpaka kazi iishe. Kazi hiyo ilikufa katika karne ya 20, majembe ya dukani yalipojaa.

Basi mzee akazitoa fimbo mbili, ya zamani na mpya, akazigonga kwa jiwe moja baada ya nyingine, sikio karibu.

"Mkwe, hii mgongo wameukomba. Wamekupunja chuma?"

"Hapana baba," mwenzangu akajibu haraka. "Hawajapunja, wamekihamisha. Kiko pembeni, ili mtu akikosea..."

Akanyamaza. Mimi nikajifanya nachambua maharage.

"Ili mtu akikosea fimbo imsamehe," akamalizia, sauti chini.

"Sasa aliyeitengeneza ana akili," mzee akasema. "Jembe la mtu asiyekosea nani angelinunua?"

Jioni tukaenda kwenye shamba lililovunwa, upepo wa baridi unakata masikio, watoto wa jirani nyuma yetu. Mpira wa tatu ulipaa mpaka nikaupoteza machoni. Nikamkumbusha kwamba tuko kama mita 1,800 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, Dar hautafika huko. Akaniambia nimwache afurahi kidogo. Nikamwacha.

Baba mdogo aliomba ile namba 7 ya mabingwa. Mwenzangu alisita, kisha akampa. Wiki iliyopita tumetumiwa picha: kichwa kimefuliwa kuwa kisu, na mke wake anakatia mboga.