Laptopu kubwa ya gemu ni mtaji uliolala

WAFANYABIASHARA wanaoagiza kompyuta kutoka Dubai na Guangzhou wanajua kwamba laptopu ya gemu ni bidhaa ya fedha nyingi inayochuja haraka. Kampuni ya Nvidia ya Marekani ilileta kizazi kipya cha chipu za picha za laptopu mwaka 2019, kisha 2021, kisha 2023, na tena 2025. Kila kizazi kinapoingia, kile kilichopo rafuni huanza kuporomoka bei, kiwe kimefunguliwa boksi au hakijafunguliwa. Kwa hiyo swali la ichukuliwe mashine gani, kubwa yenye nguvu zote au ndogo inayobebeka, si la vijana wacheza gemu peke yao. Ni swali la mtaji.

Ukurasa huu uko upande wa ndogo. Lakini kwanza kubwa ipewe haki yake, maana ina nguvu zaidi, tena kwa mbali.

Ili mizani iwe sawa, tuchukue mashine mbili za kiwanda kimoja, ASUS ya Taiwan, zote za mwaka 2024. Ya kwanza ni ROG Strix Scar 18. Kioo chake ni inchi 18, uzito wake kilo 3.1, na ndani yake mna chipu ya picha iitwayo RTX 4090. Huko Marekani ilitoka kwa karibu dola 3,900. Ya pili ni ROG Zephyrus G14, kioo inchi 14, uzito kilo 1.5, yenye chipu ya RTX 4060, iliyotoka kwa takriban dola 1,600. Bei hizo ni za kule, kabla ya usafiri na kodi za huku. Chipu ya mashine kubwa ina vitengo vya kukokotoa 9,728 na ile ya ndogo ina 3,072. Hapo hakuna ubishi nani mbabe.

Ubishi unaanza pale mnunuzi anapouliza ubabe huo ataupata wapi na kwa muda gani.

Tuanze na jina lenyewe. Kijana anayeingia dukani kuulizia "4090" amesikia sifa za kadi ya kompyuta ya mezani yenye jina hilo. Kadi ile ina vitengo 16,384 na hula umeme hadi wati 450. Inayowekwa kwenye laptopu ni chipu nyingine, ndogo zaidi, iliyopewa jina lile lile, na hufikia wati 175 pale mashine inapoipa kila kitu. Haikuwezekana vinginevyo, kwani joto la wati 450 halina pa kutokea katika kijisanduku unachokiweka mapajani. Kwa hiyo mwenye kulipa dola 3,900 analipia kwa sehemu jina ambalo mwenyewe halisi yuko mezani kwa jirani.

Tena jina moja la chipu halimaanishi nguvu moja. RTX 4060 ya laptopu inaruhusiwa na Nvidia kufanya kazi kuanzia wati 35 hadi 115, kadiri kiwanda kilivyoamua. Mashine mbili zenye stika ile ile zinaweza kutofautiana sana ukizicheza. Mfanyabiashara anayeagiza kwa kusoma stika tu ananunua paka ndani ya gunia. Namba ya kuulizia ni wati za chipu ya picha, nayo huandikwa kwenye karatasi ya maelezo ya kiwanda.

Sasa betri. Wasafiri wengi hawajui kwa nini laptopu kubwa kuliko zote duniani haina betri kubwa kuliko zote. Sababu ni ndege. Sheria za usafiri wa anga zinamruhusu abiria kuingia na betri isiyozidi wati-saa 100 bila kuomba kibali cha shirika, na viwanda vikaishia chini ya mstari huo. Scar 18 ina betri ya wati-saa 90. G14 ya 2024 ina wati-saa 73. Tofauti ni ndogo mno ukilinganisha na tofauti ya ulaji. Mashine kubwa ikiruhusiwa kula wati 300 kwenye betri, wati-saa 90 zingekwisha kwa dakika 18. Ndiyo maana laptopu hizi zikichomolewa ukutani hujibana zenyewe na kushusha nguvu. Ubabe ule wa dola 3,900 unabaki kwenye soketi.

Ndogo nayo hujibana, tusidanganyane. Lakini ukiwa unaandika barua au unajaza hesabu za duka, mashine ya aina hiyo yaweza kutumia wati 10 tu au chini yake, na hapo wati-saa 73 ni saa saba. Zaidi ya hayo, G14 inakubali chaja ndogo ya USB-C ya wati 100, inayochaji na simu pia. Scar inakuja na chaja ya wati 330, tofali zima. Umeme ukikatika, mwenye inveta ndogo ya gari ya wati 300 anaweza kuendesha G14 bila wasiwasi. Scar ikianza kuvuta kwa nguvu zote, inveta hiyo itazima.

Msomaji atauliza kwa nini basi laptopu ndogo za gemu hazikutawala soko zamani. Zilijaribu. Mwaka 2010 Alienware, iliyokuwa tayari mali ya Dell, ilitoa M11x yenye kioo cha inchi 11.6 kwa kuanzia dola 799. Ilipendwa na wachache, ikasimamishwa mwaka 2012. Kabla yake, mwaka 2007, ASUS hao hao walitoa Eee PC ya inchi saba, isiyofika kilo moja, na dunia nzima ikakimbilia vilaptopu vya aina hiyo. Miaka sita baadaye vilikuwa vimekwisha. Vilikuwa vyepesi na rahisi, lakini havikuwa na nguvu ya kutosha kazi za watu, na iPad ikaja ikavimaliza. Udogo peke yake haujawahi kuuza kompyuta.

Kilichobadilika ni chipu. Januari 2020, kwenye maonyesho ya Las Vegas, AMD ilitangaza Ryzen 4000, zilizochongwa na kiwanda cha TSMC cha Taiwan kwa teknolojia ya nanomita 7. Mojawapo, Ryzen 9 4900HS, ilikuwa na viini vinane kwa kiwango cha wati 35. G14 ya kwanza ilijengwa juu ya chipu hiyo, na Marekani iliuzwa dola 1,449 ikiwa na kadi ya RTX 2060. Mashine ya kilo 1.6 sasa ilifanya kazi ambazo mwaka uliotangulia zilihitaji mashine nzito zaidi. (Kioja ni kwamba haikuwekwa kamera. Wiki chache baadaye ulimwengu ukafungiwa majumbani na kila mtu akawa kwenye mkutano wa video. Kamera ilikuja toleo la 2022.)

Kuna na hili la kioo, ambalo wauzaji hawalielezi. Gemu inapochezwa, chipu huchora kila nukta ya picha mara nyingi kwa sekunde. Kioo cha G14 ya 2024 kina nukta 2,880 kwa 1,800, yaani zaidi ya milioni tano. Ukiiambia gemu ichore 1,920 kwa 1,200, zinakuwa milioni 2.3, kazi imepungua kwa zaidi ya nusu, na kwenye inchi 14 wengi hawaoni tofauti. Kwenye inchi 18 wataiona. Mashine kubwa inatumia sehemu ya nguvu zake kukidhi ukubwa wake yenyewe.

Turudi kwenye hesabu ya duka. Chukulia mtu ana dola 8,000 za mzigo. Kwa bei zile za kutokea, anapata Scar mbili au G14 tano. Scar moja ikikosa mteja hadi kizazi kipya kitoke, karibu nusu ya mtaji imelala. G14 moja ikilala, ni sehemu moja ya tano. Na wateja wenyewe si sawa. Anayetafuta Scar ni mcheza gemu na si mwingine, tena mcheza gemu mwenye fedha. G14 itanunuliwa na mwanafunzi wa chuo anayepanda daladala nayo, mchora ramani za nyumba, mhariri wa video za harusi anayezunguka kumbi, na karani anayetaka kucheza mpira jioni kazi ikiisha. Mtumba wake vilevile una soko, kwa kuwa laptopu nyepesi yenye nguvu bado ni laptopu nzuri ya kazi hata gemu mpya zikiishinda.

Wapo watakaosema: je, mwenye chumba cha gemu cha mtaani, ambaye mashine zake hazitoki mlangoni? Huyo asinunue laptopu kabisa. Kadi ya mezani ya RTX 4060 ilitoka Juni 2023 kwa dola 299. Kompyuta ya mezani hufunguliwa, hubadilishwa kifaa kimoja kimoja, na kibodi ikimwagiwa soda hununuliwa nyingine. Hapo ndipo laptopu kubwa inapobanwa pande zote mbili. Wa kukaa anapata zaidi mezani, wa kutembea anapata zaidi kwenye ndogo. Anayebaki ni yule anayehama mara chache akitaka nguvu zote kila anapofika, na watu hao si wengi wa kutosha kuweka mzigo kwa ajili yao. Wauziwe kwa oda, walipe nusu kwanza.

Ndogo ina kasoro ambazo muuzaji mwaminifu atazitaja kabla mteja hajazigundua. Hupata joto, na feni zake hupiga kelele gemu inapokolea. RTX 4060 na hata 4070 za laptopu zina kumbukumbu ya picha ya gigabaiti 8 tu, na gemu za karibuni zimeanza kuiona haitoshi. Kubwa zaidi ni RAM. Kwenye G14 ya 2024 RAM yote imeunganishwa kwa risasi kwenye bodi, haiongezwi, wakati Scar ina nafasi mbili za kuongeza. Bei za RAM zilipanda vibaya mwishoni mwa 2025 kwa sababu viwanda vinawahudumia kwanza wenye kompyuta za akili bandia. Desemba mwaka huo Micron ilitangaza kuachana na chapa yake ya Crucial iliyokuwa ikiuzwa kwa watu wa kawaida. Kwa mashine isiyoongezeka, anayeagiza gigabaiti 16 ili kubana bei anajitafutia mzigo wa kukaa. Achukue 32.

Fundi naye achaguliwe. Baadhi ya laptopu hizi za ASUS, ndogo kwa kubwa, zimepakwa metali ya majimaji juu ya chipu ili kutoa joto. Metali hiyo hupitisha umeme. Fundi wa kupuliza vumbi asiyeijua akiinyunyiza kwenye bodi, bodi imekwenda.

Mashine za Marekani zisiogopwe kwa sababu ya umeme, kwani chaja zake hupokea volti 100 hadi 240 na kinachobadilishwa ni waya wa ukutani tu. Za Dubai zikaguliwe kibodi, maana nyingi zina herufi za Kiarabu na wapo wateja wanaoomba punguzo kwa hilo. Betri za akiba ziagizwe mapema. Tangu Aprili 2016 betri za lithiamu zilizofungashwa peke yake haziruhusiwi kusafirishwa kama mizigo kwenye ndege za abiria, kwa hiyo zinasubiri ndege ya mizigo au meli, hata kama laptopu zenyewe zilifika kwa wiki moja.