Jinsi seva nyingi zinavyofungwa nira moja kwa mkono

MKULIMA wa Kachibora, Kaunti ya Trans Nzoia, anapongojea ujumbe wa simu kumjulisha idadi ya magunia ya mbolea ya ruzuku aliyotengewa, hana haja ya kujua ujumbe huo unatoka wapi. Mwaka wa 2023 gunia la kilo 50 liliuzwa Sh3,500 na baadaye Sh2,500 kwa wakulima waliosajiliwa kidijitali. Seva za mfumo wa aina hiyo zikizimika mwezi Machi, mbolea huchelewa, na mvua ya masika haimngoji mtu.

Ndiyo maana wataalamu hawaegemezi tena huduma kubwa kwenye mashine moja. Programu hugawanywa vipande, na kila kipande kikafungwa ndani ya kontena pamoja na vyote kinavyohitaji. Wakazi wa Bungoma wameyazoea makontena ya chuma yanayotoka Kilindini kwenda Malaba: lori lolote huyabeba bila dereva kujua kilichomo. Kontena la programu ni vivyo hivyo. Hutua kwenye seva yoyote likafanya kazi.

Makontena yakifika mamia, sharti apatikane wa kuyapanga. Kazi hiyo aghalabu hupewa Kubernetes, programu ambayo kampuni ya Google iliitoa bila malipo mwaka wa 2014. Jina hilo ni la Kigiriki, na maana yake ni mshika usukani wa chombo.

Anayekodi seva za makampuni makubwa ya ng’ambo huipata ikiwa tayari. Taasisi yenye wingu lake binafsi, yaani seva zilizo katika jengo lake na kugawanywa kwa programu kama OpenStack, hujipikia yenyewe.

Mbona basi ijisumbue? Mnamo Mei 12, 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika chini ya bahari, na intaneti ikazorota kote Afrika Mashariki. Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inampa Waziri uwezo wa kuagiza data za aina fulani zishughulikiwe kwenye seva zilizo humu nchini. Hata M-Pesa, iliyoanza mwaka wa 2007, ilihamisha seva zake kutoka Ujerumani hadi Kenya mwaka wa 2015.

Kazi huanza kwa kugawa mashine makundi mawili: za uongozi na za kazi. Za uongozi huwa tatu au tano, na hesabu hiyo ina sababu. Kumbukumbu zote za kundi hutunzwa na programu iitwayo etcd, ambayo haiandiki lolote bila idhini ya mashine zilizo wengi. Kati ya tatu, moja ikifa, mbili huendelea. Zikiwa nne, bado ni moja tu inayoweza kufa, kwani wengi wa nne ni tatu. Ya nne ni gharama ya bure.

Hapa wengi hujikwaa. Mashine katika wingu ni za kufikirika tu, na zote tatu zaweza kuwa zimelala ndani ya sanduku moja la chuma. Umeme wa sanduku hilo ukikatika, uongozi wote umekwenda. Fundi hana budi kuliagiza wingu liziweke kwenye masanduku tofauti.

Kisha hutengenezwa vyeti vya usalama, ili kila mashine itambue nyenzake. Kazi hii inachosha, na si ya kufanywa kwa pupa. Kwa kutumia kifaa cha kubeadm, vyeti vingi hudumu mwaka mmoja tu. Asiyeweka tarehe hiyo kwenye kalenda huamka siku moja na kukuta mashine zake hazisemezani, ingawa hakuna iliyoharibika.

Hufuata lango la maagizo, ambalo kwa kawaida hupitia mlango nambari 6443, mpangaji wa makontena, na kigawa mizigo mbele ya mashine za uongozi. Kila mashine ya kazi huwekewa wakala aitwaye kubelet, kisha mtandao wa ndani wa kuunganisha makontena.

Jaribio la kweli ni kuzima mashine moja ya kazi kwa makusudi. Baada ya takriban dakika tano, makontena yake huanza kufufuliwa kwingineko. Lakini data iliyohifadhiwa kwenye diski ya mashine hiyo haihami nayo. Kwa hivyo ghala la pamoja, mathalan la Ceph, hujengwa kabla ya kusajili jina la mkulima wa kwanza.