Je, Wajua? Namba ya Kifurushi Hutaja Kilikotoka

Ukiishi ughaibuni na kuagiza bidhaa mtandaoni, kifurushi kinachopitia posta hupewa namba ya kukifuatilia yenye herufi na tarakimu 13. Mpangilio wake ni wa Umoja wa Posta Duniani, ulioanzishwa mwaka 1874 mjini Bern, Uswisi.

• Herufi mbili za mwanzo hutaja huduma. Zikianza na E, ni EMS, yaani posta ya haraka; R ni barua ya rejista; C ni kifurushi.

• Hufuata tarakimu tisa. Nane ni za mzigo wenyewe. Ya tisa hukokotolewa kutokana na hizo nane, ili kompyuta itambue namba iliyoandikwa kimakosa.

• Herufi mbili za mwisho ni za nchi ulikotoka mzigo: TZ ni Tanzania, KE ni Kenya, CN ni China.

Na ushuru je? Tangu Julai 1, 2021, bidhaa inayonunuliwa nje ya Umoja wa Ulaya na kuingizwa humo hutozwa Kodi ya Ongezeko la Thamani, hata ikiwa ya bei ndogo. Zawadi ya mtu kwa mtu isiyozidi euro 45 husamehewa. Kwa hiyo, ukiishi humo na mama akikutumia doti ya kanga kutoka Mombasa, mwambie aandike kwenye fomu ya forodha kuwa ni zawadi, ataje kilichomo na thamani yake halisi. Fomu iliyojazwa ovyo huchelewesha mzigo.