Kisumu, Iowa na Mlolongo
Tarehe 3 Januari 2008, wanachama wa Democratic jimboni Iowa, Marekani, walikusanyika mashuleni, jirani akimvuta jirani, wakasimama vikundi vikundi kumteua mgombea urais. Akashinda Barack Obama, ambaye babake alikuwa Mjaluo wa Siaya.

Siku zile Kisumu imo msibani: maduka yamechomwa, watu wamepigwa risasi, kwa ajili ya matokeo ya urais yaliyotangazwa Desemba 30, 2007.

Msomaji, kura ya kusimama si ngeni kwetu. Februari 1988, katika mchujo wa KANU, tulipanga mlolongo mchana kweupe. Pahala kadhaa mstari mfupi ukatangazwa mshindi. Waama, jirani humwamsha jirani akapige kura mara moja. Mizani ikipunjwa, mara ya pili atamwambia nini?