Gari Livutalo Mengine, na Shauri la Gia Zake

Katika mtaa wetu wa Mirongo, jijini Mwanza, ambako mto wenye jina hilo hupita kwa unyonge wakati wa kiangazi na kwa ghadhabu wakati wa masika kabla ya kujimimina katika Ziwa Viktoria, habari ya gari bovu haifichiki, kwa kuwa gari likifa katikati ya barabara zetu nyembamba, wachuuzi, waendesha bodaboda na abiria wa daladala huwa washauri wake kabla mwenyewe hajafunua boneti. Jirani yangu, mfanyabiashara wa vipuri ambaye kwa miaka mingi amewaona watu wakihangaika kutafuta brekidauni na kulipa walichotozwa bila ya uwezo wa kujadiliana, ameazimia kununua lake, na asubuhi moja ya Jumamosi alinijia na simu mkononi, ndani yake picha mbili za Scania za dizeli zilizokwisha kutumika ng'ambo, moja ya gia za mkono na nyingine ya otomatiki, akaniuliza, baada ya mwangaluka na habari za nyumbani: “Mzee mwenzangu, ungekuwa wewe ungelichukua lipi?”

Sikumjibu siku ile, kwani swali lenyewe ni zito kuliko lionekanavyo, na watu wengi hulijibu kwa fahari, yaani kijana kwa fahari ya upya na mzee kwa fahari ya mazoea, ilhali haki yake ni kujibiwa kwa hesabu.

Injini ya dizeli ya gari kubwa ina tabia ya pagazi mwenye nguvu asiyependa kukimbia: uwezo wake wa kuvuta hukomaa mapema, aghalabu baina ya mizunguko 1,000 na 1,400 kwa dakika, na ikizidishiwa mbio baada ya hapo uwezo huo hauongezeki bali hupungua, hivyo dereva atakaye kwenda bila ya kuitoa injini katika eneo hilo dogo la raha yake sharti awe na gia nyingi, 12 au zaidi, na azibadilishe upesi kabla mwendo haujafifia. Gari tupu humvumilia dereva mzembe. Gari linalokokota jingine halimvumilii, maana katika mwinuko kila nukta anayoipoteza baina ya gia na gia ni mwendo unaoliwa na mzigo, na mwendo ukiisha kuliwa hakuna budi kusimama na kuanza upya, na huko kuanza upya ndiko kunakounguza klachi.

Wazee waliosomba pamba ya Usukuma katika zama za Victoria Federation of Cooperative Unions, iliyoundwa mwaka 1955 chini ya Paul Bomani, waliijua hesabu hii kwa nyayo na masikio. Malori mengi ya wakati ule hayakuwa na kile chombo kinacholinganisha kasi ya meno ya gia kabla hayajakutana, ijapokuwa Cadillac ilikuwa imekwisha kukitia katika magari yake ya kitajiri tangu mwaka 1928. Kwa hiyo dereva alikanyaga klachi, akaitoa gia, akaiachia klachi, akausikiliza mlio wa injini hata ukafika alipoutaka, akakanyaga tena, ndipo gia ikaingia kimya, na kitendo hicho chote kikaitwa dabo klachi. Aliyekosea alijulikana kijiji kizima, kwani chuma kililia. Nakiri kwamba nina mapenzi na ustadi ule, wala sidhani kuwa mapenzi hayo ni hoja ya kununulia gari.

Sasa tazama neno otomatiki, ambalo kwa bahati mbaya limebebeshwa vitu viwili visivyofanana. Kitu cha kwanza ni giaboksi isiyounganishwa na injini kwa klachi ya sahani, bali kwa chombo kilichojaa oili, ambamo upande mmoja huzungushwa na injini, nao huitupa oili kwa nguvu juu ya mapanga ya upande wa pili, na oili hiyo ndiyo iyasukumayo magurudumu; na wakati wa kuondoka chombo hicho huizidisha nguvu ya msokoto takriban maradufu, jambo ambalo klachi ya sahani haiwezi kulifanya kamwe. Sisi watu wa ziwa yatupendeza kujua kwamba aliyekibuni, Mjerumani Hermann Föttinger, alikibuni mwaka 1905 kwa ajili ya meli wala si kwa ajili ya magari. Kitu cha pili ni giaboksi ile ile ya mkono, yenye meno yale yale na sahani ile ile ya klachi, ila mkono na mguu wa dereva vimeondolewa, na mahali pake pamewekwa upepo wa kompresa na kompyuta ya kuutawala. Ndiyo Opticruise ya Scania, ndiyo I-Shift ambayo Volvo waliitoa mwaka 2001. Picha ya pili ya jirani yangu ilikuwa ya namna hii, naye hakujua, kwa sababu anayemwuzia alimwambia “oto” akaishia hapo.

Tofauti hii yaweza kudhaniwa kuwa ni ya mafundi peke yao, mpaka gari lifike kazini. Mji wetu umejengwa juu ya majabali, na atakaye kwenda Bugando, Isamilo au Bugarika hana njia ila kupanda; na brekidauni haipandi kama wapandavyo wengine, kwani kwanza hurudi kinyumenyume hadi penye gari lililotumbukia mtaroni, ikasogea shubiri moja, ikasimama, ikasogea nusu shubiri, kisha ikaanza kukaza waya wa winchi huku utingo akipiga kelele na umati ukitoa amri zinazopingana. Katika kazi hiyo giaboksi ya oili ni upole mtupu. Gia za mkono hutegemea mguu wa dereva: akiwa mahiri hakuna neno, na akiwa mwanagenzi harufu ya klachi inayoungua itafika ng'ambo ya mto. Ama ile ya kompyuta, hususan ya miaka ya mwanzo, ndiyo yenye wasiwasi kuliko zote, kwa kuwa kompyuta haikuliona shimo lililo nyuma ya gurudumu. Na Scania wenyewe kwa miaka mingi waliiacha pedali ya klachi katika Opticruise zao ili dereva aitumie katika kuondoka na kusimama, hadi mwaka 2009 walipotoa isiyokuwa nayo.

Barabarani mambo hugeuka. Kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,100, na sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaruhusu kichwa na tela kufika tani 56 kwa ekseli saba. Kwa mzigo wa kadiri hiyo, kompyuta isiyochoka wala kusinzia hubadili gia ile ile kwa namna ile ile saa tisa alasiri kama ilivyobadili saa moja asubuhi, na tajiri mwenye madereva wengi wa viwango mbalimbali huona faida yake katika dizeli na katika klachi. Wako madereva wanaojisifu kwamba hakuna mashine iwezayo kuwashinda, na baadhi yao wanasema kweli, lakini si wote, wala si kila siku.

Hapa nina neno la ukali kidogo. Katika mteremko wa Sekenke, mkoani Singida, pamoja na miteremko mingine mingi ya nchi hii, wako madereva wa gia za mkono wanaoachia fri ili kuokoa mafuta, yaani huitoa gia na kuliacha gari lishuke kwa uzito wake, breki za miguu zikiwa ndizo tegemeo pekee. Na breki hizo zikipata moto hupoteza nguvu, na giaboksi kubwa, mbio zikiisha kuzidi, haikubali tena kupokea gia yoyote. Huko si kuokoa mafuta. Gia iliyofaa kupandia mlima aghalabu ndiyo ifaayo kuushukia, nayo ishikwe juu kabla ya kuanza kushuka, pamoja na eksozi breki au ritada, ambazo hulizuia gari bila ya kuzichosha breki za miguu.

Yamebaki matengenezo, na hapa natoa ushuhuda wangu. Miaka kadhaa iliyopita gari langu dogo la otomatiki lilizimika Buhongwa, nami kwa kutojua nikamruhusu msamaria mmoja kulifunga kamba na kulivuta hadi Mirongo, magurudumu yote yakiwa chini. Ndani ya giaboksi ya namna ile oili husukumwa na pampu inayozungushwa na injini. Injini ikilala ilhali magurudumu yanakwenda, viungo husagana bila ya kulainishwa, na tulipofika nyumbani ubovu mdogo wa injini ulikuwa umezaa ubovu mkubwa wa giaboksi, nikanunua nyingine ya mtumba. Gia za mkono za lori nazo hazina msamaha katika mwendo mrefu, ndiyo maana mvutaji mwenye kuijua kazi yake huifungua propela kwanza. Lakini zikiharibika, fundi wa gereji yoyote kutoka Igoma hadi Mkolani hushusha giaboksi, akabadili sahani na beringi kwa spana na jeki. Ile ya kompyuta huhitaji mashine ya kuisoma, na waya mmoja ulioliwa na panya waweza kulifanya gari zima ligome kuingia gia.

Ulimwengu, kwa hakika, unakwenda upande mwingine. Nchini Marekani, pikapu ya Ram yenye injini ya Cummins, iliyokuwa ya mwisho miongoni mwa pikapu kubwa za kwao kuuzwa na gia za mkono, iliziacha baada ya toleo la mwaka 2018, na yamkini wajukuu zetu watauliza klachi ilikuwa nini. Lakini jirani yangu hanunui gari la wajukuu. Ananunua moja, si kumi, wala hana karakana, na gari litakalosimama kwa wiki nzima likingoja kipuri kutoka Dar es Salaam limemla badala ya kumlisha.

Nilimjibu Jumanne: achukue la gia za mkono, na fedha atakazobakiza amlipe dereva mtu mzima aliyekwisha kuvuta mizigo, wala asimkabidhi mpwa wake. Angekuwa na vichwa 20 vya kwenda pwani ningemwambia kinyume chake. Amekwisha kulipa arubuni. Nawe msomaji, kama gari lako ni la otomatiki na siku moja ukalazimika kumwita yeye au mwenziwe, mwambie hivyo kabla hajafunga mnyororo, na umtake alipandishe juu au ainue magurudumu yanayoendeshwa na injini.